Mchekeshaji Aliyeshindwa Aseme Kiswahili Gani?

Nilipata 9 juu ya 20. Chini ya alama hiyo mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Hii ni lugha ya mitaani. Mchekeshaji huyu aseme Kiswahili sanifu." Siandiki hapa ili niongezewe pointi, matokeo yamekwisha kubandikwa, na kozi nyingine ziliniokoa. Naandika kwa sababu naona mwalimu wangu, ninayemheshimu, alikosea, na kwa sababu wenzangu wengi wa mwaka wa pili watakutana na wino huohuo siku watakapothubutu kumpa mtu wa kitabuni kinywa cha mtu wa kweli.

Kazi ilikuwa hivi. Kila mmoja achague maandishi anayopenda, ya Kifaransa au ya Kiingereza, atafsiri kurasa sita kwa Kiswahili, kisha aeleze njia aliyofuata. Wengine walichukua riwaya, mmoja alichukua hotuba. Mimi nilichukua kitabu cha katuni, bédé kama tunavyosema hapa: The Killing Joke, kilichoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Brian Bolland, Waingereza wawili, kikatolewa Marekani na kampuni ya DC Comics mwaka 1988. Ndiyo, Batman yumo, na oditoriamu nzima ilicheka nilipotaja jina lake. Lakini si Batman aliyenivuta. Aliyenivuta ni bwana mmoja asiye na jina ambaye anatokea katika kurasa chache tu, amevaa shati la kawaida, na ambaye kazi yake ni kuchekesha watu jukwaani na watu hawacheki.

Kwa wasiokisoma, nieleze. Joker, adui mkubwa wa Batman, ametoroka. Anampiga risasi binti wa mkuu wa polisi, Barbara Gordon, anamteka baba yake, anamzungusha katika uwanja wa michezo uliochakaa, ili athibitishe jambo moja: kwamba mtu yeyote, hata awe mwema namna gani, siku moja mbaya inatosha kumtia wazimu. Katikati ya mambo hayo kunaingia kumbukumbu. Tunaona Joker alivyokuwa zamani, au alivyofikiri alikuwa, maana yeye mwenyewe anakiri hakumbuki sawasawa. Alikuwa msaidizi katika kiwanda cha dawa za kemikali, akaacha kazi ili awe mchekeshaji. Ana mke mwenye mimba, ana kodi ya nyumba ambayo hajalipa. Anarudi kutoka kwenye majaribio akiwa amevurunda neno la mwisho la mzaha wake, lile neno ambalo ndilo kicheko chenyewe. Kwa ajili ya fedha anakubali kuwaongoza wezi wawili kupita ndani ya kiwanda chake cha zamani. Siku hiyohiyo anapewa habari kwamba mke wake amekufa kwa ajali ya kifaa cha umeme cha kupashia chupa ya mtoto. Wezi hawamruhusu kujitoa. Usiku anajitupa katika maji ya kemikali, na anayetoka humo ni Joker.

Maoni yangu juu ya kitabu chenyewe ni machungu na matamu. Kile chumba cha mume na mke ni kati ya kurasa bora nilizosoma katika katuni yoyote. Mwanamume anamkaripia mkewe kwa sababu ya aibu yake mwenyewe, halafu anaomba radhi, na mke anajaribu kucheka ili amsaidie. Hakuna kofia wala bastola. Mwaka 2008 Bolland alikipaka kitabu rangi upya, na kurasa za kumbukumbu zikabaki karibu bila rangi, ila kitu kimoja kimoja chenye wekundu ndani ya kijivu, na macho yako yanajua mwenyewe pa kwenda. Kwa upande mwingine, Barbara anavunjwa uti wa mgongo ili tu wanaume wawili wapate la kubishania, na hilo nalihesabu kuwa uvivu wa mwandishi. Moore mwenyewe baadaye hakuficha kwamba kitabu hiki hakimridhishi.

Sasa lugha. Angalieni kwanza jina la kitabu, kwa maana hapo ndipo mfasiri anaanza kutoka jasho. Kwa Kiingereza maneno yale mawili yanasema mzaha unaoua, na pia mzaha mzuri kupita kiasi, wa kuvunja mbavu. Wafaransa walihangaika: toleo la kwanza waliliita Souriez !, amri ya mpiga picha. Baadaye wakaliita Rire et mourir, na hapo kifo kikapatikana lakini mzaha ukapotea. Mimi nilijaribu "Mzaha wa Kuua", nikaona unafanana na tangazo la polisi. Nikajaribu "Utani", lakini utani kwetu una wenyewe: una makabila yake, una haki zake kwenye kilio, mtani anaweza kukaa juu ya jeneza na kudai fedha na hakuna wa kumkasirikia. Joker si mtani wa mtu. Mwisho niliandika "Kicheko cha Mwisho". Sijaridhika nalo mpaka leo.

Kuhusu mazungumzo niliamua jambo ambalo ndilo lililoniletea 9. Joker wa leo, yule mwenye uso mweupe, anapenda hotuba. Anapanga hoja, anapaza sauti, anamhutubia mateka wake kama mtu aliyepanda jukwaa la kampeni. Huyo nilimpa Kiswahili sanifu, safi, cha redio na cha mimbari. Lakini yule bwana wa zamani, chumbani na mke wake, nilimpa Kiswahili cha hapa Lubumbashi. Yeye anasema "miye", si "mimi". Anasema "batoto", anasema "njo vile", anasema "feza", na anachanganya Kifaransa pale mtu wa Katuba anapochanganya, yaani kila mahali penye bei, saa na matusi.

Mwalimu alinipa nafasi ya kujitetea, na hoja zake hazikuwa za kijinga. Ya kwanza: msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hatafahamu. Hii hainisumbui. Mtu wa Lubumbashi amesoma vitabu vya Dar es Salaam maisha yake yote na maneno asiyoyajua ameyakisia. Na wao wakisie kidogo. Ya pili: kitivo kinafundisha Kiswahili kinachoandikwa, cha mitaani kinasemwa tu. Ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Alisema: "Angalia ulivyogawa. Mwerevu anasema sanifu, hata kama ni mwovu. Aliyeshindwa, mwenye deni, asiyejua hata kumaliza mzaha wake, huyo ndiye umempa lugha ya mama yako. Nani anaitukana lugha hiyo, mimi au wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na karatasi yangu ndani ya mfuko wa plastiki, na jibu nililipata kwa baba yangu mkubwa, bila yeye kujua kwamba ameulizwa.

Tunaishi komini ya Kenya (Kenya ya hapa, si ile ya Nairobi). Baba mkubwa ana zaidi ya miaka sabini. Kwa miaka mingi arusi ya mtaa wetu haikuwa arusi kama yeye hayupo. Hakuitwa msanii, aliitwa tu, akaja, akashika mikrofoni, na watu wakalia kwa kucheka. Malipo yalikuwa kuku, bia, na mara mojamoja bahasha. Hata kwenye kilio, siku ya tatu, walimwomba aseme neno ili wajane wale chakula. Leo anaitwa kwa heshima tu. Arusi zina vijana wenye spika kubwa, na vichekesho vinatoka kwenye simu, sekunde thelathini, kingine kinafuata.

Mwaka jana binamu yangu alioa, na kwa kuwa ni mzee wa ukoo alipewa mikrofoni dakika tano. Akatoa kile kichekesho chake cha posho, ambacho nimekisikia tangu utoto wangu na ambacho zamani kiliwaangusha watu kutoka vitini. Kinahusu mwanamume wa kampuni ya migodi anayempenda mke wake kwa kipimo cha unga. Nilitazama meza za vijana. Hawakumdharau, walisubiri kwa adabu. Lakini neno "posho" kwao lilikuwa neno la kitabuni. Hawakuwahi kumwona mama akipanga mstari kwa ajili ya mgawo wa unga na samaki ambao wafanyakazi wa Union Minière, na baada yao wa Gécamines, walipewa pamoja na mshahara. Kicheko kilikuwa kimefungwa ndani ya neno lile, na ufunguo hawakuwa nao. Meza mbili za wazee zilicheka. Baba mkubwa alirudisha mikrofoni, akakaa, akaomba maji.

Ndiyo maana hoja ya Joker mimi siikubali, na ninaona Moore naye anamwachia hoja hiyo iende mbali mno bila kumjibu, ingawa mkuu wa polisi katika kitabu anabaki na akili yake timamu. Mchekeshaji haishi kwa siku moja mbaya. Anaisha neno moja baada ya jingine. Kila mwaka maneno mawili matatu ambayo yeye na wasikilizaji wake waliyashiriki yanakwenda kaburini, naye anabaki amesimama na mzaha ambao mwili wake ni mzima na roho imetoka. Halafu angalieni: katika kumbukumbu zile zote, kitabu hakituonyeshi yule bwana akiwa jukwaani hata mara moja. Tunaambiwa ameshindwa. Hatusikii mzaha wake, hatuoni nyuso za wasikilizaji. Kwa mwanafunzi wa lugha hilo ni kama kupewa maiti bila taarifa ya daktari.

Jioni moja umeme ulikatika, nikamsomea baba mkubwa tafsiri yangu kwa mwanga wa simu. Alisikiliza chumba cha mume na mke bila kusema kitu. Nilipofika pale bwana anapokiri kwamba aliharibu neno la mwisho, alinikatiza:

"Mutoto, huyu muntu haiko comédien. Comédien anaweza kusahabu mwanzo, anaweza kusahabu jina ya bibi-arusi. Mwisho, hapana."

Niliendelea mpaka ukurasa wa mwisho. Wengi mnaujua. Mvua inanyesha, Batman amemkamata Joker, na badala ya kumpiga anamwambia kwamba angependa kumsaidia. Joker anakataa, amechelewa mno, lakini anamsimulia mzaha. Wagonjwa wawili wa akili wanatoroka hospitali usiku kupitia paa. Mmoja anaruka mpaka paa la jirani, wa pili anaogopa kuanguka. Yule wa kwanza anamwambia atawasha tochi, mwenzake atembee juu ya mwanga wake kama juu ya daraja. Wa pili anakataa: anaona atadanganywa, tochi itazimwa yeye akiwa bado njiani. Batman anacheka. Wanacheka wote wawili, kicheko kinakoma, na kitabu kinaishia kwenye matone ya mvua ndani ya dimbwi, palepale kilipoanzia.

Niliusoma kwa Kiswahili sanifu, maana hapo ni Joker anayesema. Sentensi yangu ya mwisho ilikuwa imenyooka, na ndefu: kulikuwa na "nitakapokuwa" ndani yake, ambayo katika kiputo cha katuni inakula mstari mzima. Baba mkubwa alitabasamu kwa hisani, kama vijana wa arusini walivyomtabasamia. Halafu akaniambia nizime simu. Tukakaa gizani. Akausimulia upya, polepole, kwa sauti za watu wawili, kwa Kiswahili chake. Hospitali akaiacha, paa akaliacha, tochi ikawa waya wa umeme kati ya nyumba mbili za avenyu yetu. Yule mwoga akasema anamjua mwenzake, na anaijua hata Lubumbashi: "Mi nafika pa katikati, courant inaenda!"

Dada yangu mdogo, mwenye miaka kumi na tatu, ambaye kwenye arusi alikuwa anachezea simu, alicheka mpaka akagonga sufuria. Majirani nyuma ya ukuta wa matofali walicheka nao, bila kujua Batman ni nani.

Hapo nilielewa kosa langu, na si kosa lile la wino mwekundu. Nilikuwa nimegawa vibaya, mwalimu alisema kweli. Lakini dawa haikuwa kumpandisha yule bwana maskini mpaka kwenye sanifu. Dawa ilikuwa kumshusha Joker. Mahali pale pa mvua ameacha kuhutubia. Mara ya kwanza katika kitabu kizima anataka mtu mmoja tu acheke pamoja naye, na mtu hachekeshwi kwa lugha ya tangazo. Kwa hiyo katika tafsiri yangu mpya ukurasa wa mwisho uko katika Kiswahili cha Lubumbashi, cha Joker na cha Batman pia, na lugha ile sasa haimhusu mshindwa peke yake. Kuna faida nyingine ndogo ya ufundi: kwa maneno yale mafupi kitendo kinaangukia mwisho kabisa wa sentensi, panapotakiwa kicheko, na kiputo kinatosha.

Kuhusu ile hoja ya pili, kwamba lugha hii haiandikwi: inaandikwa. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji wetu kama ilivyokumbukwa na waliofanya kazi majumbani mwa wazungu, na aliiandika kwa Kiswahili hichihichi. Kundi la Mufwankolo lilichekesha mji kwa Kiswahili hiki redioni na kwenye televisheni, na mwaka 1986 lilipotunga mchezo juu ya usemi kwamba mamlaka huliwa mazima, Johannes Fabian aliyafuata mazoezi yao hatua kwa hatua na kuyachapisha katika kitabu mwaka 1990. Kitabu hicho tunakisoma katika kozi ya antropolojia, ghorofa moja juu ya ile ya tafsiri. Kinshasa nako, jarida Jeunes pour Jeunes lilijaza viputo vyake lugha ya vijana wa mitaani tangu mwisho wa miaka ya 1960, na kuanzia mwaka 1990 Papa Mfumu'Eto alichora na kuuza barabarani katuni zake kwa Kilingala cha watu wake. Hakungoja kamusi.

Ninaloomba kwa kitivo ni dogo. Katika kozi ya tafsiri, mwanafunzi aruhusiwe kutumia Kiswahili cha mji katika mazungumzo, kwa sharti aeleze ukurasa kwa ukurasa kwa nini, na apewe alama kwa maelezo hayo. Kama ameshindwa kueleza, apewe 9 yake. Na kwa ndugu wahariri wa jarida hili naomba kurasa mbili katika toleo lijalo. Mwenzangu mmoja wa mwaka wa tatu anachora vizuri, na tumeanza kitabu kidogo cha mzee mmoja wa Kenya anayeitwa arusini kwa heshima tu. Tofauti na Moore, sisi tunaanzia jukwaani: kisanduku cha kwanza ni mikrofoni, cha pili ni meza za vijana, cha tatu ni neno "posho" peke yake, kubwa, na hakuna anayecheka.

Baba mkubwa ameviona visanduku hivyo. Uso wake ameukubali, tumbo amelikataa. Na amesema kama lile neno litaachwa vile bila maelezo, basi pembeni tuchore mama mmoja na kikapu chake, amepanga mstari.